Digidigi Aliyejirefusha

Digidigi dume mmoja alijiona mfupi mno kupata mke. Kunguru, aliyejifanya bingwa wa mapenzi, akamshauri, "Majike hupenda warefu. Tembea kwa ncha za kwato, shingo juu!"

Digidigi akatii. Akashinda akichechemea vichakani, macho mawinguni, hata jike mmoja akamwita.

"Kaka, mbona wanipita tu? Umechomwa na mwiba?"

"Hapana, najirefusha. Kunguru kasema ndivyo mnavyopenda."

"Kunguru mwenyewe ana mke?"

"Hana."

"Mimi nataka mume wa kujificha naye kichaka kimoja chui akipita. Mrefu si atatuponza?"

Digidigi akashusha kwato, akashusha na pumzi. Ndipo akamtazama vizuri yule jike, akamwona mzuri, naye mfupi vilevile.