Mfupa wa Dimas

Siku hizi umri wa mtu hutajwa na mfupa wake, si na mama yake. Ndivyo Dimas alivyoenguliwa kwenye timu ya soka ya Indonesia ya vijana wa chini ya miaka kumi na sita, mashindano ya Kusini-Mashariki mwa Asia yakibisha hodi: mashine ilimpima kifundo cha mkono, ikasema ana miaka kumi na tisa. Sheria ikafuata mashine.

"Baba Dimas, si wewe uliyezika kondo lake la nyuma pale mlangoni, ukaliwashia taa kama desturi?" Marni alimlilia mumewe. "Mtoto ana kumi na tano!"

Karso aliikumbuka vyema ile taa. Lakini nani aliwahi kubishana na mashine? Akausukuma wali kando.

"Miaka kumi na tisa iliyopita mimi nilikuwa Malaysia, kibaruani," alisema taratibu. "Huyu ni wa nani?"