Mlango wa Salha

Fundi wa serikali alimaliza kufunga mlango wa chumba cha Salha saa nne asubuhi. Kwa miaka miwili palikuwa na pazia tu, maana sheria haimruhusu kijana mwenye ugonjwa wa akili kuwa na mlango mpaka kipimo cha maswali kionyeshe akili yake imekomaa.

"Hongera, mama," fundi alisema. "Ana miaka kumi na sita, lakini kipimo kimeipa akili yake miaka thelathini na tisa. Kitasa kinafunguka kwa ndani tu. Mtu mzima ana siri zake."

Bi Mgeni alimshukuru. Hakumwambia kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Salha majibu yote ya kipimo, jikoni, wakimenya viazi. Alikuwa amechoka kuona wageni wakilitazama pazia lile, kisha wakimtazama yeye. Kila siku alimkaririsha binti yake sentensi moja, aitamke polepole, asiangalie chini.

Salha alimuaga fundi kwa adabu, akaosha vyombo vyote bila kuambiwa. Halafu akaingia chumbani, akafunga mlango.

Bi Mgeni alibaki nje na kitambaa cha mezani mkononi. Enzi za pazia, mtoto akilia alimsikia. Sasa hakusikia kitu. Mbao zilikuwa nene.

"Salha?"

"Abee, mama."

"Unaendeleaje huko ndani, mwanangu?"

Sauti ikaja polepole, bila kutetemeka, kama walivyofanya mazoezi.

"Nimetulia, na ninaifikiria kesho."