Usafi wa Kiangazi Nyumbani kwa Machano

Kila kiangazi, kwa amri, watu hutoa nje na kuweka barazani kila kinachoweza kuleta moto, na gari la wilaya hukizoa likaenda kukiteketeza. Nyumba isiyomaliza hukatiwa maji. Machano na mkewe Zuhura walikwisha kutoa mafuta ya taa, nyaya zilizochubuka na godoro la sufi, lakini kipimo cha wilaya kilichofungwa mlangoni kuhesabu vilivyobaki kiliandika: "Bado mtu mmoja. Amesahau jiko likiwaka mara tatu."

"Usinitazame mimi," Zuhura alisema. "Mama ni wako."

Mama yake Machano alikuwa akifagia ua. "Mwanangu, kuna kingine cha kutoa?"

"Hakuna, mama. Njoo ukae hapa barazani, kwenye godoro, upumzike."

Mama akakaa, akamwombea mwanawe baraka. "Na hilo gari litachelewa?"

"Halichelewi," Machano akajibu, akafunga mlango.