Pumzi za Mzee Mbaruku

Siku hizi kila marehemu huacha kisanduku nyumbani chenye kuongea kwa sauti yake, na mimi ndiye fundi wa visanduku hivyo mtaani kwetu. Zaina aliniita kwa mama yake, Bi Tatu, mjane wa Mzee Mbaruku.

"Baba anavuma," alisema. "Wageni wanaogopa."

Nilikifungua kisanduku juu ya meza ya jikoni. Transfoma ilikuwa nzima, ikiushusha umeme wa ukutani vizuri. Lakini kati ya diodi nne zinazoulazimisha umeme uende upande mmoja tu, moja ilikuwa imeungua, na mvumo ukatokea hapo. Nikaing'oa, nikaitupa sakafuni, nikalehemu mpya.

"Mama Zaina, umekula?" kisanduku kikauliza, sauti safi kabisa, kama ya mtangazaji wa redio.

Bi Tatu alisogeza sikio karibu. Akasubiri, kisha akanitazama.

"Mbona hapumui?"

"Hakuwa anapumua, mama. Ule ulikuwa mvumo wa umeme."

"Mimi ndio niliokuwa nalala nao." Akashika ukingo wa meza. "Irudishe ile mbovu, mwanangu."

"Kisanduku chote kitaungua, mama."

"Basi kiungue akiwa anapumua."

Nikapiga magoti, nikaanza kuitafuta sakafuni.