Kikohozi cha Prefe

Prefe, mukubwa wa shule, akakohoa tena mbele ya drapo, asubuhi wakipandisha bendera, na Syntiche akafunga macho kama njo yeye aliyepigwa ngumi ya kifua.

"Sikia hiyo," Jovial akamunong'oneza kutoka nyuma. "Ile ni rezistansi yako inaongea."

"Nyamaza wewe."

"Umeua Prefe, Injenyeri."

Juma lililopita Discipline, yule papa wa kuchunga adabu ya shule, alikuta vepu, ile sigara ya umeme, ndani ya tundu la ukuta, nyuma ya vyoo. Ilikuwa ya nani? Hakuna aliyefungua mudomo. Prefe Symphorien akaiinua juu mbele ya wanafunzi wote, akaapa: mwenye hiki kitu akijulikana anafukuzwa, na Exetat yake, mutihani wa diploma, ataifanyia jikoni kwa mama yake. Kisha akaitia mufukoni. Si ndani ya kabati, si mukononi mwa Discipline. Mufukoni mwa koti lake.

Kesho yake akaanza kukohoa.

Shule nzima ikacheka chini chini. Muntu aliyekataza shingamu, aliyekataza kandambili, aliyekataza hata kupiga miayo kwenye hesabu, kumbe akifunga mulango wa biro, ofisi yake, anavuta mvuke wa embe! Watoto wa klasi ya chini walishamupa jina: Papa Treni.

Syntiche peke yake hakucheka. Rezistansi, ule waya mudogo wa kuzungushwa unaochemsha maji ya vepu mpaka yageuke mvuke, aliutengeneza yeye na mikono yake. Ya dukani iliungua, na Kalemie nzima hakuona ingine. Waya aliutoa kwenye resho mbovu, jiko la umeme la mama yake, pamba akaichomoa ndani ya muto wa kulalia. Yeye na Jovial walikuwa wanavuta kidogo kidogo, wanangoja kwanza pamba inywe maji. Lakini Prefe? Muntu ambaye hata chai anaikunywa kama anafukuzwa na mbwa?

"Anavuta kavu," akamuambia Jovial kwenye rekre, saa ya mapumziko. "Pamba inaungua, anakula masizi. Na ule waya ukipata moto sana unaacha vipande vya chuma. Vinaenda wapi? Kwenye mapafu."

"Si umuambie?"

"Namna gani? 'Bonjour Prefe, vepu yangu inakuendea vizuri?'"

Jovial akacheka mpaka akapaliwa na mukate. Syntiche hakuwa na nafasi ya kucheka. Kwao hakuna aliyewahi kupata diploma, hata muntu mumoja, na mama yake ameshaanza kuwaambia majirani kama ya kwanza inakuja. Akisema, anafukuzwa. Akinyamaza, anazika muntu.

Njia akaiona kwenye biolojia. Kila mwanafunzi alipaswa kufanya ekspoze, kusimama mbele na kufundisha wenzake jambo moja la afya. Wengine walichukua malaria, wengine kipindupindu. Syntiche akaandika ubaoni: HATARI ZA VEPU. Na siku yenyewe, nani anaingia? Prefe, na leso mudomoni. Akaketi nyuma kabisa, kwenye benchi ya wavivu.

Syntiche akafundisha kama muntu anayezima nyumba inayowaka.

"Ya kwanza, musivute kabisa. Lakini kwa wale vichwa vigumu..." Jicho likamuponyoka, likaenda nyuma, likarudi mbio. "Kwa wale, pamba ilowe kwanza, ndipo uvute. Ukisikia ladha ya kuungua, acha hapo hapo. Rezistansi ikiwa nyeusi usiikwangue na wembe, itupe. Mafuta ya kupikia usitie. Na waya wa resho, jamani, ule ni wa kupikia ugali, si wa kupikia mapafu!"

Prefe akanyoosha kidole kama mutoto. "Na muntu akiisha kuvuta na huo waya?"

Klasi nzima ikauma midomo.

"Aache leo leo, Prefe. Aende kwa munganga wa hospitali."

"Na kama, si mimi, nasema muntu tu, kama ameshindwa kuacha?"

"Basi abadilishe rezistansi, Prefe."

"Namna gani?" akauliza, kwa upole ambao hawajamusikia nao tangu wamujue. Jovial akaingiza kichwa chini ya meza, mabega yakatetemeka.

Kengele ilipolia, Prefe akamuita Syntiche biro.

"Anataka umutengenezee!" Jovial akasema, machozi ya kicheko bado yanamutoka. "Enda, maman. Kuanzia leo njo wewe prefe wa hapa."

Na kweli, njiani Syntiche akaona jambo lenyewe si baya. Muntu unayejua siri yake atakufukuza namna gani? Akaingia biro kifua mbele.

Vepu ilikuwa juu ya meza. Prefe akafunga mulango, akakohoa mpaka akajishika kwenye kiti.

"Mutoto wangu, nisaidie. Nimejaribu kuifungua, inanikatalia."

Huruma ikamushika Syntiche. Na kiburi kidogo pia, tusifichane. Akaichukua, akaigonga kitako kwenye kiganja, akabonyeza na kidole gumba pale inapokwama, akazungusha kinyume. Tak. Akachomoa rezistansi na ukucha, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha ili amuonyeshe Prefe ule weusi anaoumeza.

Pamba ilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, vile vile alivyoiacha.

Nyuma yake mulango ukafunguka.

"Discipline, kuja!" Prefe akaita, sauti kubwa, safi. "Ni huyu, anaifungua kama mulango wa kwao. Na sasa niache kukohoa, maana kifua kimeanza kuniuma kweli."