Bisibisi Menoni

Fundi Shebughe aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, akaubana mpini sikioni. Hivyo ndivyo alivyoyapima magari makuukuu yote ya mji ule. Akaihamisha ncha. Akaihamisha tena. Jasho likamtoka.

"Mlimani halivuti kabisa, fundi," alisema Namkunda, mwenye gari. "Na kesho nampandisha mama hospitali. Huo mlio ni wa nini?"

"Mlio upi?" fundi aliuliza, akiitazama midomo ya mteja wake.

Namkunda akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akaona kwamba fundi hatanii.

Fundi alijaribu sikio la pili. Wapi! Mwishowe akaung'ata mpini kwa meno, akafumba macho, na hapo mlio ukamfikia kupitia taya, mzito: ko, ko, ko.

Akautoa mpini. "Beringi za ndani zimelika. Ukilipandisha, litakufia njiani. Zima."

Akaung'ata tena, akafumba macho, kama asiyejiamini.

Namkunda alizima. "Nimezima, fundi."

Akamsogelea.

"Fundi!"

Hakugeuka; bado aliung'ata mpini, akisikiliza. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na ncha ya bisibisi ikawa inaigonga injini iliyonyamaza: ko, ko, ko.