Siku Jua Lilipofika Chini ya Shimo

Adhuhuri moja ya Oktoba, Chileshe alichungulia shimo lao la madini nje ya Lubumbashi, akaona meno ya kaka yake yanang'aa chini kabisa. Jua lilikuwa limefika mwisho wa shimo.

Wachimbaji wote wanajua: siku jua likiingia shimoni, unatoka. Nyuma yake kuna mvua, na udongo uliolowa haumsamehe mtu.

"Yaya, panda! Dunia inazungukaka imeinama, sasa ni upande yetu inaangalia jua. Mvua inakuya!" Chileshe akamwita kaka yake.

"Eh, prof! Ku masomo balikufundisha dunia, habakukufundisha kazi. Leo sina lazima ya tochi, jua yenyewe inanishikia taa. Gunia moja tu!"

Chileshe akacheka. Kisha meno yakazimika. Wingu lilikuwa limeziba jua, na tone zito la uvuguvugu likamwangukia shingoni.

"Yaya, jifunge kamba!"

Kamba ikatikiswa mara mbili, alama yao ya kuvuta. Akavuta hadi viganja vikachubuka. Uzito ulikuwa wa mtu mzima, akamshukuru Mungu.

Kilichotokeza mdomoni mwa shimo kilikuwa gunia la mawe, na tochi ya kaka yake imefungwa juu yake, imezimwa.